Kijani kipi, kijivu kipi: rangi za tovuti zikipimwa ofisini na juani

Chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina nalihifadhi, kiliniita nikitengenezee tovuti. Nembo yao ni ya kijani, kijani kile cha kung'aa kama cha bendera ya Tanzania, na kamati ikataka kila kitufe kiwe cha rangi hiyo, maandishi yake meupe. Kwenye kompyuta yangu, mapazia yakiwa yamefungwa, kazi ilipendeza. Siku ya kuikabidhi, mhazini alitoka na simu yake hadi barazani, akaiinamisha, akaikinga kwa kiganja, kisha akaniita: "Mwanangu, hebu njoo. Hapa pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa "Omba mkopo". Kitufe ambacho ndicho kilichowafanya watafute tovuti.

Tangu siku ile, nikitakiwa kuchagua rangi, naandika namba mbili kando ya kila mpangilio: ya ofisini na ya juani. Hapa nimeweka bega kwa bega mipangilio ambayo wateja huiomba mara nyingi, ili anayechagua ajue anapata nini na anapoteza nini.

Namba zinatoka wapi

Mwongozo unaofuatwa karibu kila mahali ni WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, kutoka W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Toleo la 2.0 lilitoka Desemba 2008, la 2.1 Juni 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Kanuni ya uwiano wa maandishi na rangi ya nyuma yake haikuguswa katika yote matatu. Kila rangi hupewa namba ya mwangaza kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tupu, hadi 1, nyeupe tupu. Katika hesabu hiyo kijani hubeba uzito wa 0.7152, nyekundu 0.2126, na buluu 0.0722 tu. Ndiyo sababu buluu tupu huonekana nzito na kijani tupu huumiza macho, ingawa kompyuta imeziwasha zote mbili kwa nguvu ileile. Kisha unachukua mwangaza wa rangi iliyo angavu zaidi, unaongeza 0.05, unagawanya kwa mwangaza wa ile nyingine, nao ukiwa umeongezwa 0.05. Jibu huanzia 1:1, yaani hakuna tofauti, hadi 21:1, ambayo ni nyeusi na nyeupe.

Mwongozo una madaraja, na yanayotuhusu hapa ni AA na lile kali zaidi, AAA. Kwa daraja la AA maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie 4.5:1, na maandishi makubwa 3:1. Makubwa maana yake ni kuanzia pikseli 24, au karibu 19 kama yamekolezwa. Daraja la AAA linadai 7:1 na 4.5:1. Namba hizi hazikuokotwa tu. Ile 4.5 iliwekwa kufidia uoni wa takriban 6/12, yaani mtu kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 12, ambao ni wa kawaida kwa mzee wa kama miaka 80. Ile 7 hufidia uoni wa 6/24. Kwa hiyo mtu anaposema AA inatosha, anasema tovuti yake inamfaa bibi yake akiwa amekaa ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba, kwa sababu zile 0.05 zinawakilisha mwanga kidogo wa chumbani unaoangukia kioo. Kwa safu ya juani nimebadilisha kitu kimoja tu: badala ya 0.05 nimeweka 0.25, nikichukulia kwamba mwanga unaorudishwa na kioo unafikia robo ya weupe wote wa skrini. Hiyo ni dhana yangu, si kipimo cha maabara. Simu ya bei ndogo saa saba mchana inaweza kuwa taabani kuliko hivyo, na simu ghali inayojiongezea mwanga ikapata nafuu. Lakini kwa kulinganisha inatosha. Alama kama #006600 ni namba ambazo kompyuta hutumia kuitaja rangi.

| Maandishi na rangi ya nyuma | Ofisini | Juani |
|---|---|---|
| Nyeusi #000000 juu ya nyeupe | 21 | 5.0 |
| Nyeusi hafifu #333333 juu ya nyeupe | 12.6 | 4.4 |
| Kahawia nzito #3B2A1A juu ya malai #FFF8E7 | 12.9 | 4.3 |
| Nyeupe hafifu #E0E0E0 juu ya giza #121212 | 14.2 | 3.9 |
| Nyeupe juu ya kijani kizito #006600 | 7.2 | 3.6 |
| Kijivu #767676 juu ya nyeupe | 4.5 | 2.9 |
| Nyeusi juu ya kijani angavu #1EB53A | 7.7 | 2.3 |
| Nyeupe juu ya kijani angavu #1EB53A | 2.7 | 2.1 |

Kijani angavu na kijani kizito

Tazama mistari miwili ya mwisho. Ule wa chini kabisa ndio ulionitia aibu barazani, na hata ofisini ungeanguka kama ningejisumbua kuupima. Wa juu yake ndio unaonishangaza mpaka leo. Maandishi meusi juu ya kijani angavu yanapita AAA kwa namba, 7.7:1, na mkaguzi yeyote angeyapigia muhuri. Ukitoka nje yanaporomoka hadi 2.3:1, chini hata ya kijivu ambacho kilipita AA kwa kuponea chupuchupu.

Sababu ni kwamba kijani hicho ni rangi ya kati. Mwangaza wake ni 0.34, kama theluthi ya weupe. Jua likishaongeza robo upande wa rangi na robo upande wa weusi, tofauti iliyobaki ni ndogo, uandike juu yake kwa rangi yoyote unayoipenda. Kijani kizito hakina tatizo hilo kwa sababu kiko chini kabisa ya ngazi, na nyeupe iliyo juu yake iko kileleni. Bado wana umbali wa kugawana.

Hesabu hiyohiyo inazikumba rangi zote za kati ambazo wabunifu huzipenda: chungwa, samawati ya anga, waridi la kukolea, kijani cha WhatsApp. Chungwa la #FFA500 lenye maandishi meupe lina 1.97:1 ofisini. Nyekundu tupu #FF0000 juu ya nyeupe, ile inayoandikiwa "Namba ya siri si sahihi", ina 4.0:1, haifiki AA; ukiizamisha kidogo hadi #BB0000 inapanda hadi 6.7:1, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia kwamba hiyo si nyekundu tena.

Kwa hiyo kwenye vitufe ushauri wangu ni mmoja na sina wasiwasi nao: chagua uzito kwanza, rangi baadaye. Ukiwa na nembo angavu, iache kama ilivyo. Nembo na majina ya kibiashara yaliyo ndani yake yamesamehewa na mwongozo. Kisha tafuta ndugu yake mzito awe rangi ya vitufe.

Kijivu cha watu maridadi

Hapa sitakaa sana. Kijivu hafifu juu ya nyeupe ni mtindo, na ndio kosa linaloongoza. Shirika la WebAIM hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja kila mwaka. Mwaka 2024 lilikuta maandishi yenye uwiano mdogo kwenye asilimia 81 ya kurasa hizo. Kijivu #767676 ndicho cha mwisho kinachopita AA juu ya nyeupe, kwa 4.54:1; ukikisogeza hatua moja tu hadi #777777 unapata 4.48:1 na umeanguka. Ile #999999 inayotumika kwa tarehe na maelezo ya chini ya picha ina 2.85:1. Kama ni lazima kijivu kiwepo, anza na #595959, ambayo inagusa 7:1. Na yale maandishi ya mfano yanayokaa ndani ya kisanduku cha fomu, "mf. 0712...", nayo ni maandishi kama mengine. Yanahesabiwa.

Mwanga au giza?

Mjadala huu huwa wa ushabiki, kwa hiyo nitasema upande wangu mapema: mwanga uwe ndio wa kuanzia, giza liwe la hiari.

Giza lina watetezi wa kweli. Kuna wenye macho yasiyovumilia mwanga mkali, kuna wenye mtoto wa jicho ambao weupe mwingi huwatandazia ukungu, na kuna sisi tunaosoma kitandani saa sita usiku. Lakini wenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, na ni wengi, huona herufi nyeupe zikivuja kingo juu ya weusi mtupu, kama taa ya gari kwenye kioo chenye mvua. Ndiyo sababu mpangilio mzuri wa giza hautumii nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu. #E0E0E0 juu ya #121212 inabaki na 14.2:1 na haiumizi macho.

Halafu kuna hoja ya betri, inayorudiwa bila kutajwa masharti yake. Skrini za OLED huzima pikseli nyeusi, kwa hiyo giza huokoa chaji. Skrini za LCD, ambazo ndizo zilizojaa kwenye simu za bei nafuu, huwasha taa ya nyuma muda wote hata kama kurasa ni nyeusi tititi. Hapo huokoi kitu cha maana. Hata kwenye OLED, utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanga wa skrini ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, faida ni asilimia 3 hadi 9 tu. Hupanda hadi kati ya asilimia 39 na 47 pale mwanga unapowekwa wote. Mwanga wote unawekwa lini? Juani. Na juani, kama jedwali linavyoonyesha, giza linashuka kutoka 14.2 hadi 3.9, wakati nyeusi juu ya nyeupe inashikilia 5. Kwenye kioo cheusi utajiona uso wako kabla ya kuona salio.

Malai na kahawia, kwa upande mwingine, wanadharauliwa bure. Wanapunguza ukali wa weupe kwa msomaji wa makala ndefu, baadhi ya wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, huwapendelea, na juani wamepishana na #333333 kwa nukta moja. Kwa gazeti, mahubiri au hadithi, ningechagua malai kabla ya nyeupe. Kwa fomu ya mkopo, hapana. Visanduku vya kujaza huonekana vizuri zaidi pakiwa peupe kabisa.

Rangi mbili zinazogongana kimyakimya

Kufikia hapa nimezungumzia herufi na kilicho nyuma yake. Rangi zinazokaa ubavuni kwa ubavu, kwenye chati au alama za hali ya ombi, zina mtego mwingine, na mfano mzuri zaidi ninaoujua unapepea juu ya ofisi za serikali.

Chukua kijani #1EB53A na buluu #00A3DD, zinazotumika sana kuchorea bendera ya Tanzania kwenye skrini. Uwiano kati yao ni 1.06:1. Sasa nyekundu #BB0000 na kijani #006600 za bendera ya Kenya: 1.07:1. Kwa mizani ya mwangaza, jozi zote mbili ni kama rangi moja. Ukizipiga picha ya nyeusi na nyeupe, kijivu cha huku na cha kule huwezi kukitenga. Lakini hakuna anayezichanganya, kwa sababu waliozichora, moja mwaka 1963 na nyingine 1964, waliweka mpaka: Tanzania mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu, Kenya michirizi myeupe. Chati ya mviringo yenye vipande vya kijani na buluu inahitaji hichohicho, mstari mweupe au mweusi kati ya kipande na kipande. Tangu toleo la 2.1, mwongozo unadai 3:1 kwa sehemu za picha na vitufe ambazo mtu anahitaji kuzitambua.

Jozi ya nyekundu na kijani ina mzigo wa ziada. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 hivi ana upungufu wa kutofautisha rangi, na mwanamke 1 kati ya 200, wengi wao wakichanganya hizohizo mbili. Kwingineko kiwango hutofautiana. Badala ya nyekundu na kijani kwa "imekataliwa" na "imekubaliwa", ninayoipenda ni buluu #0072B2 na chungwa nyekundu #D55E00, kutoka seti ya rangi nane ya Okabe na Ito wa Japani, iliyochaguliwa ili hata wenye upungufu huo wazitofautishe. Ya kwanza ina 5.2:1 juu ya nyeupe, inafaa hata kwa maandishi. Ya pili ina 3.9:1, kwa hiyo itumie kwa alama na herufi kubwa tu.

Hata hivyo, rangi isiachwe iseme peke yake. Daladala za Dar es Salaam zilishalijua hili zamani: ubavuni pana mkanda wa rangi ya njia, mbele pameandikwa majina ya vituo, na mlangoni konda anapaza sauti. Asiyeona rangi anasoma, asiyesoma anasikia. Kwenye ukurasa weka rangi, weka neno "Imekataliwa", na weka alama ya X. Viungo navyo vibaki na mstari wa chini. Buluu ya kawaida ya viungo, #0000EE, ina 9.4:1 juu ya nyeupe, lakini ikikaa katikati ya maneno meusi inatofautiana nayo kwa 2.2:1 tu; ukiondoa mstari, wapo ambao hawatajua kwamba hapo pana kiungo.

Maandishi juu ya picha

Fanya kama kanga. Mji wake unaweza kujaa mikorosho na majogoo, na pindo lake likawa na vurugu zake, lakini jina hupewa kibanda chake chenye rangi moja, herufi kubwa, lisomeke mtu akiwa anatembea. Mbunifu anayemwaga kichwa cha habari juu ya picha ya soko bila kibanda hana namba ya kupima hata moja, maana kila herufi imeangukia rangi yake.

Kwa kupima

Kikokotoo cha tovuti ya WebAIM kinatosha ukiwa tayari una namba za rangi zako. Kama huna, programu ya bure ya Colour Contrast Analyser ina kidonezi cha kunyonya rangi popote kwenye skrini, hata ndani ya picha. Ukiwa unaandika msimbo wa tovuti mwenyewe, zana za msanidi za Chrome zinakuonyesha uwiano papo hapo ukibofya kisanduku cha rangi, na zina sehemu ya kuigiza aina mbalimbali za upofu wa rangi. Mimi kabla ya vyote hivyo huweka simu katika hali ya kijivu kwenye mipangilio yake na kuizungusha tovuti nzima kwa dakika tano. Mahali ninapopotea, na mgeni atapotea.

Utakutana pia na kipimo kipya, APCA, cha Andrew Somers. Kinazingatia unene wa herufi, na kinajali kipi kiko juu ya kipi, jambo ambalo hesabu ya WCAG hailijui. Kwenye rangi nzito na giza kinaonekana kukaribia macho ya mtu zaidi. Nakitumia kama shahidi wa pili. Mkataba au sheria ikikudai kitu, itadai WCAG, na anayeuza huduma kama za benki au duka la mtandaoni kwa wateja wa Umoja wa Ulaya amebanwa na sheria yao ya ufikivu tangu tarehe 28 Juni 2025.

Tulichochagua

Kwa kile chama tuliishia na nyeusi hafifu #333333 juu ya nyeupe kwa maandishi yote, vitufe vya #006600 vyenye herufi nyeupe zilizokolezwa, na makosa ya fomu kwa #BB0000 pamoja na neno lake. Kijani angavu kilibaki kwenye nembo na kwenye utepe mwembamba juu ya ukurasa, mahali ambapo hakuna anayehitaji kusoma. Mwenyekiti alilalamika wiki moja kwamba vitufe "vimepooza". Giza tuliliweka kama swichi, na mwanawe mhazini ndiye wa kwanza kuliwasha.

Mhazini mwenyewe alirudi barazani na simu ileile, akaisoma "Omba mkopo" bila kuikinga. Kisha akasema, "Sawa. Sasa ongeza herufi." Nikazipandisha kwenye vitufe hadi pikseli 24, ambako kizingiti cha AA ni 3:1, na 3.6 yetu ya juani ikawa juu ya mstari.